Salfa imeuchachua udongo wa Newala: tusubiri mbegu ya GMO au tutafute chokaa?

#1 Kitangari Juu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke chini akasome komenti.

Nina mikorosho ya kurithi upande wa Newala. Chini yake, kama wengi wetu, napanda mahindi, mbaazi na njugu mawe kidogo. Mikorosho haina neno, inazaa. Tatizo ni mahindi. Yanaota vizuri, yakifika magotini yanadumaa, majani ya chini yanaingia uzambarau. Mvua ikikata kidogo tu Februari yanajikunja, wakati ya jirani ambaye kiwanja chake hakina mikorosho bado yamesimama. Mbolea ya DAP nimeweka, ya Urea nimeweka, sioni tofauti ya maana.

Msimu uliopita niling'oa mashina kadhaa nikaosha mizizi kwenye ndoo ili niione vizuri. Mizizi mifupi, minene, ncha zake zimevimba na kuwa kahawia, na vile vizizi vyembamba vya pembeni karibu havipo. Imeshuka urefu wa kiganja, halafu ikageukia pembeni kama imekutana na sakafu. Na udongo pale ni mchanga mwekundu laini, jembe linazama bila kulazimisha. Hakuna mwamba wala tabaka gumu.

Nikapeleka udongo ukapimwa. Chini ya mikorosho pH 4.4. Kwenye kipande cha pembeni ambacho hakijawahi kuwa na mikorosho, 5.7. Ni udongo uleule, mvua ileile. Kwa wasiozoea hizi namba: pH ni kipimo cha uchachu, ikishuka kwa moja, asidi imeongezeka mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya hapo ni kama mara ishirini.

Kilichofanya hivyo ni salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho. Mzee wetu alianza kupuliza zamani, nasi tumeendelea, kila mwaka Juni mpaka Agosti, raundi baada ya raundi, ili ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, usiue maua. Ile inayoanguka chini haipotei. Bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, asidi ileile iliyo kwenye betri ya gari. Jambo hili si jipya, watafiti walishalichunguza huku kwetu kusini tangu miaka ya 1990. Sisi wakulima ndio tunaambiwa bei ya mfuko na siku ya kugawiwa, ya udongo hatuambiwi.

Sasa mdogo wangu anasoma kilimo chuoni, ananiambia dunia imeshapata jeni zinazofanya mmea uvumilie udongo wa namna hii, kwamba nivute subira, mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa jeni maabara, zitakuja. Mimi nina wasiwasi na hiyo subira. Wajuzi waje: hizo jeni zipo kweli? Zinafanyaje kazi? Na zikija zitatufaa sisi wa mchanga huu?

#2 Chikongola Kwetu

Nimekaa siti ya mbele. Mleta uzi weka na picha ya hiyo mizizi.

#3 Mlinzi wa Mbegu

Jibu ni fupi: msikubali. GMO ni mlango wa kutunyang'anya mbegu. Leo utapewa bure, kesho utauziwa kila msimu, keshokutwa utashtakiwa kwa kuhifadhi mbegu ya babu yako. Udongo wetu una mbolea ya asili, tatizo tumeuacha uafrika.

#4 Kitangari Juu

Mlinzi wa Mbegu, hoja ya umiliki wa mbegu naiheshimu, tutaifikia. Ila mkuu, pH 4.4 haikuletwa na GMO. Imeletwa na unga wa njano tuliopuliza wenyewe.

#5 Mtu wa Maabara

Mleta uzi umeeleza dalili vizuri kuliko wanafunzi wengi. Nijaribu kujibu "zipo kweli?"

Kinachokata ncha za mizizi yako si asidi yenyewe moja kwa moja, ni aluminiamu. Aluminiamu ipo kwenye karibu kila udongo, imefungwa kwenye madini ya mfinyanzi na haina madhara. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi inaanza kuyeyuka, na chini ya 5 inakuwa sumu kali kwa ncha ya mzizi, sehemu ileile inayokua. Ncha ikidumaa mzizi haushuki. Usiposhuka mmea haufikii maji ya chini wala fosforasi. Ndiyo maana unaona uzambarau (njaa ya fosforasi) na kujikunja (kiu) kwa pamoja, ukadhani ni matatizo mawili.

Mimea mingine ina kinga. Ngano inayovumilia inatoa asidi ya maleti kwenye ncha ya mzizi. Maleti inaishika aluminiamu pale nje kabla haijaingia, na ikishashikwa haina sumu tena. Jeni ya ule mlango wa kutolea maleti ilipatikana 2004, kazi ya watafiti wa Japani na Australia, inaitwa TaALMT1. Mwaka uleule wakaipandikiza kwenye shayiri, ambayo kwa asili ni dhaifu mno kwenye tindikali, na shayiri ikavumilia. Mtama nao una mlango wa namna yake, unatoa asidi nyingine, sitreti. Jeni yake, SbMATE, ilitangazwa 2007 na Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Mahindi yanayovumilia vizuri yameonekana kuwa na nakala tatu za jeni ya jamii hiyohiyo zikiwa zimepangana, badala ya moja.

Kwa hiyo mdogo wako hakukudanganya. Kwenye sumu ya aluminiamu sayansi imefika mbali kwa sababu kazi kubwa inafanywa na jeni moja au mbili. Mambo mengine ya lishe ya mmea hayako hivyo.

#6 Nangurukuru

Mtu wa Maabara, kama shayiri ilishavumilia tangu 2004, mbona hadi leo hatuoni mbegu dukani? Miaka ishirini na zaidi!

#7 Mtu wa Maabara

Swali zuri na linauma kidogo.

Kwanza, si kila tangazo linasimama. Mwaka 1997 kundi moja la Mexico lilitangaza kwamba limechukua jeni ya bakteria inayotengeneza sitreti, likaiweka kwenye tumbaku na papai, na mimea ikavumilia aluminiamu. Dunia ilishangilia. Miaka michache baadaye wengine wakarudia kazi hiyo kwenye tumbaku, wakashindwa kupata matokeo yale. Kutengeneza sitreti nyingi ndani hakutoshi kama mlango wa kuitolea nje ni mdogo. Ndipo macho yakahamia kwenye milango yenyewe.

Pili, pesa. Mbegu za GMO zinazotawala sokoni duniani ni za kuhimili dawa za magugu na za kuzuia wadudu, basi. Hizo zina mnunuzi mkubwa. Nigeria waliruhusu kunde za kuzuia funza mwaka 2019, nazo zimetokana na mradi wa msaada, si kampuni iliyofuata faida. Mkulima wa ekari mbili mwenye udongo mchachu si soko linalomvutia mwekezaji.

Tatu, zipo njia zisizo za maabara ya jeni. Ukishaijua jeni unaweza kuifuatilia kwa alama huku ukichavusha kawaida tu. Kenya magharibi wana udongo mchachu vilevile, na watafiti wao wamekuwa wakizalisha mahindi yanayovumilia aluminiamu kwa kuchavusha, wakishirikiana na Wabrazili. Hapo hakuna GMO hata kidogo.

#8 Mlinzi wa Mbegu

Hiyo ya tatu sina ugomvi nayo.

#9 Dada wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa karanga na ufuta. Nauliza: hiyo jeni itanisaidia karanga zangu? Kwa sababu mimi shida yangu si kudumaa. Shamba linapendeza, kijani kimejaa, maua yanatoka, vile vijiti vya kubeba maganda vinazama chini. Siku ya kung'oa napata maganda mengi mazuri, nikibonyeza pwaa, ndani hamna kitu. Nyingine ina punje moja iliyosinyaa na moyo wake mweusi. Dawa zote za duka nimeshauziwa.

#10 Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hiyo ni kalsiamu, usinunue dawa tena.

Karanga ina tabia ya ajabu. Mazao mengi hupata kalsiamu kwa mizizi, inapanda na maji kwenda majani. Ganda la karanga liko ardhini, halipumui maji kama jani, kwa hiyo kalsiamu ya mizizi haishuki kurudi kwake. Ganda lenyewe inabidi linyonye kalsiamu kutoka kwenye udongo unaoligusa, zile sentimita chache za juu. Udongo wa mchanga uliochachuka pale juu hauna kitu, ndiyo maana majani yako yanapendeza na punje hakuna.

Dawa yake ni jasi, madini yenye kalsiamu, unainyunyiza karanga zinapoanza maua. Na jasi si ya kuagiza Ulaya, iko Kilwa, inachimbwa hapohapo mkoani kwenu Lindi, inapakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya saruji. Yanapita barabarani tukiyaangalia.

Na kuhusu jeni: hakuna jeni inayotengeneza kalsiamu. Kalsiamu ni elementi. Mmea unaweza kufundishwa kuitafuta, kuitunza, kuitumia kwa uchoyo, lakini kama haipo haipo.

#11 Kitangari Juu

Mzee hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndiyo hoja iliyonifanya nianzishe uzi.

Naona tunachanganya mambo mawili yanayoitwa "udongo mbovu". Moja ni sumu, kitu kimezidi. Lingine ni njaa, kitu hakipo. Jeni ya kutoa maleti inajibu la kwanza. La pili jeni inaweza tu kuupa mmea mkono mrefu zaidi wa kuchota kilichomo. Sasa mchanga wetu wa uwanda wa Makonde una kitu gani cha kuchota? Mfinyanzi kidogo, mboji kidogo, mvua inaosha. Mkono mrefu kwenye chungu kitupu.

Na hata la kwanza, jeni inasogeza mstari wa uvumilivu, tuseme mahindi yaliyokuwa yanakufa kwenye 4.8 sasa yanasimama mpaka 4.4. Sawa. Mimi mwakani napuliza tena. Nikifika 4.0 natafuta jeni ya 4.0?

#12 Mtu wa Maabara

Nakubali nusu, mkuu.

Kwenye fosforasi usiihukumu haraka. Kuna jeni ya mpunga, PSTOL1, ilitangazwa 2012 na watafiti waliofanya kazi na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino. Ilitoka kwenye mpunga wa jadi wa India uitwao Kasalath, na aina nyingi za kisasa zilikuwa zimeipoteza. Kazi yake ni kuufanya mche uote mizizi mingi mapema, basi. Mizizi mingi ni udongo mwingi zaidi unaoguswa, na fosforasi haitembei, mzizi ndio unaoifuata. Waliipandikiza ili kuthibitisha ndiyo yenyewe, lakini kuisambaza kwenye mpunga wa wakulima unaweza kutumia uchavushaji wa kawaida. Udongo mwingi mwekundu una fosforasi, ila imefungwa na chuma na aluminiamu. Kwa hiyo chungu si kitupu mara zote, mara nyingine kimefunikwa tu.

Naitrojeni nayo ina majaribio. Kuna mpunga uliowekewa jeni ya shayiri ili utumie naitrojeni vizuri zaidi, mradi wa AATF, taasisi ya teknolojia ya kilimo Afrika, umeujaribu Uganda, Ghana na Nigeria. Lakini huo unasaidia usipoteze mbolea uliyoweka. Usipoweka, utavuna kidogo tu.

#13 Kitangari Juu

"Chungu kimefunikwa", nimekuelewa. Lakini kama kinafunikwa na asidi, kifunguzi cha bei rahisi si chokaa?

#14 Mzee wa Mnazi Mmoja

Vijana mnazungumza kizungu kingi kwa Kiswahili. Bibi zetu walikuwa wanamwaga majivu ya jikoni kwenye matuta, na mahindi ya nyuma ya nyumba yalikuwa hayakosi. Hamkujiuliza kwa nini?

#15 Bwana Shamba Mstaafu

Umenena ndugu yangu. Majivu ni chokaa ya maskini, yana kalsiamu na potasiamu na yanapandisha pH. Tatizo ni wingi, jiko haliwezi kulisha ekari tatu.

Nipige hesabu ambayo ofisini hatukuizungumza sana. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote kuwa asidi, inahitaji kilo tatu na kidogo za chokaa ya mawe kuifuta. Mfuko wa salfa wa kilo 25 ni chokaa kama kilo 78. Si yote inayofika chini, nyingine upepo unaichukua, nyingine inaoshwa, mti unatumia kiasi. Hata ukikata nusu, mwenye kupuliza mifuko kumi kwa mwaka anadaiwa na udongo wake karibu kilo 400 za chokaa, mwaka huo mmoja. Nani aliyewahi kurudisha hata debe? Salfa ina ruzuku, ina magari, ina ratiba. Chokaa haina mwenyewe.

#16 Nangurukuru

Na chokaa tunayo! Pwani yote hii toka Kilwa mpaka Mikindani ni mawe ya chokaa, watu walijenga nayo misikiti mamia ya miaka iliyopita. Saruji inatengenezwa Mtwara kwa mawe hayohayo. Tunapaka kuta, mashamba tunayanyima.

#17 Bwana Shamba Mstaafu

Angalizo hapo. Ya kupaka kuta imechomwa, ni kali, inaunguza ngozi na ukikosea kipimo inaunguza na mche. Ya shambani ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Na mchanga wetu ni mwepesi kubadilika: hauhitaji chokaa nyingi kama mfinyanzi, tani moja kwa hekta mara nyingi inatosha kuanzia. Ukizidisha unafunga zinki na manganizi, unaanzisha ugonjwa mwingine. Mchanga umechachuka haraka kwa sababu hauna cha kuzuia, na kwa sababu hiyohiyo unaponyeka haraka.

#18 Sululu

Wakuu GMO inaua nguvu za kiume, someni acheni utani 😂

#19 Dada wa Nachingwea

#18 hebu tupishe.

Mzee nimekuelewa kuhusu jasi, asante sana. Ila nimekumbuka kitu. Huku kwetu ndiko Waingereza walikuja na ule mradi mkubwa wa karanga, matrekta na reli mpaka bandari ya Mtwara. Ulikufa kwa sababu hii ya udongo?

#20 Bwana Shamba Mstaafu

Ulianza 1947 na 1951 serikali yao ikaufunga, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha. Kongwa ndiko kulikokuwa kitovu, pamoja na Urambo na Nachingwea. Sababu ni nyingi: mvua za Kongwa, ardhi inayokauka ikawa ngumu mpaka majembe ya trekta yanaisha, vipuri, haraka ya kisiasa. Ila moja inagusa uzi huu: walileta mashine kwanza, udongo na mvua wakavichunguza baadaye. Bandari tunaitumia mpaka leo, reli iling'olewa.

#21 Mtu wa Maabara

Narudi kwenye chokaa, maana naona uzi unaelekea kuizika jeni na mimi sikubali izikwe mzima mzima.

Chokaa haitembei. Ukiifukia kwa jembe inarekebisha sentimita 15 au 20 za juu. Chini ya hapo asidi inabaki, miaka mingi. Kitangari Juu mizizi yako iligeuka kwenye kina cha kiganja. Ukiweka chokaa mizizi itashuka mpaka kina cha jembe, halafu itageuka tena. Utavuna zaidi, ndiyo, ila ile kiu ya Februari haitaisha, kwa sababu maji ya akiba yako chini. Hapo ndipo mmea wenye jeni ya kuvumilia aluminiamu unapoonyesha thamani yake, kwa sababu kule chini hakuna jembe litakalopeleka chokaa. Wabrazili walipofungua nyanda zao za Cerrado kuanzia miaka ya 1970 hawakuchagua kimoja. Waliweka chokaa juu, wakazalisha mbegu zinazovumilia, na wakatumia jasi, kwa sababu jasi inayeyuka na kushuka, inapeleka kalsiamu chini na kupunguza makali ya aluminiamu kule. Ile jasi ya mzee ya karanga inafanya kazi mbili.

#22 Kitangari Juu

Hiyo ya kina sikuwa nimeifikiria hivyo na inaingia akilini, kwa sababu maji ndiyo yananiumiza kuliko mbolea. Basi msimamo wangu nauweka hivi: mbegu inayovumilia naitaka, iwe ya kuchavusha au ya maabara, sina dini hapo. Nisichokitaka ni kuambiwa nisubiri mbegu wakati mfuko wa salfa unakuja kila Juni na hakuna anayekuja kupima udongo. Mbegu inayovumilia bila chokaa itatufanya tuvumilie kuchachua zaidi. Tutaona mahindi yamesimama, tutadhani tumepona.

#23 Mlinzi wa Mbegu

Ya maabara utaisubiri sana, mkuu. Kisheria umesimama wapi?

#24 Mwanasheria Uchwara

Naomba kujibu hapa. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009, ambazo zililegezwa 2015 ili utafiti uweze kufanyika. Mwaka 2016 mahindi ya GMO ya kuvumilia ukame yalipandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, kwa majaribio tu. Novemba 2018 wizara ikaamuru majaribio yasimame. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Mkenda, akasisitiza kusitishwa kwa utafiti wa GMO. Kwa hiyo mkulima wa Newala hana mbegu halali ya GMO ya zao lolote la chakula. Kuna mbinu mpya ya kuhariri jeni za mmea wenyewe bila kuleta za nje, ile iliyopewa Nobel ya kemia 2020, na Kenya walishaitolea mwongozo wake 2022. Lakini kwa kuwa GMO kwetu haina njia halali, mahindi ya kuchavusha anayoyasema Mtu wa Maabara ndiyo njia fupi kwa sasa.

#25 Chikongola Kwetu

Mimi nimesikia mbaazi haijali udongo. Ya kwangu nimeitelekeza na inazaa. Ni kweli au bahati?

#26 Mtu wa Maabara

Si bahati, na ni jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye uzi huu. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa ICRISAT, taasisi ya utafiti wa mazao ya nchi kame iliyoko India, walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi inatoa asidi yake maalumu inayofungua fosforasi iliyofungwa na chuma, kitu ambacho mazao mengi hayawezi. Udongo mwekundu umejaa fosforasi ya namna hiyo. Kile ambacho maabara zinahangaika kukiweka kwenye mahindi, mbaazi ilikuja nacho. Majani yake yakidondoka yanarudisha fosforasi ile juu pamoja na naitrojeni, na mahindi ya msimu unaofuata yanaila.

Muhogo nao: unavumilia aluminiamu, na fosforasi unatafutiwa na kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake. Wazee wa uwanda hawakuchagua muhogo na mbaazi kwa kukosa akili ya kulima kitu kingine.

#27 Nangurukuru

Mbaazi safi, mpaka India wafunge mlango. 2017 walipoweka kikomo cha kuingiza, gunia lilioza ghalani. Sayansi ya mizizi sawa, sayansi ya soko nani anaileta?

#28 Kitangari Juu

Hapo 😅 sina jibu. Niliikaanga nikaila.

Turudi kwenye chanzo kwanza. Kuna anayetumia dawa za maji badala ya salfa ya unga? Naona kama ndiyo njia ya kwanza ya kuacha kumwaga asidi, kabla hata ya chokaa.

#29 Tandahimba Mjini

Mimi nachanganya. Raundi za kwanza dawa ya maji, katikati salfa kidogo pale ubwiriunga unapokaza. Dawa ya maji inahitaji maji, na maji huku juu uwandani unayajua mwenyewe, ndoo ni hela. Ndiyo maana watu wanaipenda salfa, mashine inapuliza kavu kavu alfajiri upepo umetulia, unamaliza. Mwenye kisima au tangi afikirie. Mwenye kununua maji kwa bodaboda atarudi kwenye salfa tu.

#30 Bwana Shamba Mstaafu

Hilo ndilo lenyewe. Anayeishi bondeni asimcheke wa juu.

Kwa wanaotaka kupima, maana inbox imejaa: msichukue sampuli sehemu moja. Chini ya vivuli vya mikorosho peke yake, katikati ya mistari peke yake, msivichanganye, kwa sababu salfa inaangukia zaidi chini ya mti na wastani utakudanganya. Kila eneo chimba sehemu kumi hivi kwa kuzunguka zunguka, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Fanya hivyo kwa kina cha sentimita 0 mpaka 20, halafu tena 20 mpaka 40. Hiyo ya pili watu wanairuka na ndiyo inayokuambia kama jasi inahitajika. Anika kivulini. Usitumie kiroba kilichokuwa na mbolea au salfa. Omba wakupimie pH, kalsiamu na aluminiamu, si NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) tu. Kituo cha utafiti cha Naliendele wapo, cha Mlingano, Tanga, ndio hasa wa udongo.

Chokaa ifukiwe Septemba au Oktoba, mvua za kwanza ziikute.

#31 Dada wa Nachingwea

Mzee, na jasi ya karanga inafukiwa au inamwagwa juu tu?

#32 Bwana Shamba Mstaafu

Juu tu, kando ya shina, pale vijiti vinapozamia. Mvua itaishusha yenyewe. Usiisubirie palizi ya pili, utakuwa umechelewa.

#33 Kitangari Juu

Nimepata watu wanne wa kitongoji chetu tukodi gari moja la jasi kutoka Kilwa. Dada wa Nachingwea kama gari likipitia kwenu unataka mifuko mingapi? Tandahimba Mjini nawe, njoo inbox na jina la hiyo dawa ya maji.